Pikapu Nyeupe ya Ikola

Shanwe, Mpanda
14 Januari 2024

Shemeji Halfani,

Asalaam aleikum. Natumaini barua hii inakukuta salama huko Kahama, wewe na wenzako wa mtamboni. Sisi huku tunamshukuru Mungu. Mama yako, Mama Raya, anaendelea, ila mvua hizi zimemshika miguu, swala anaswalia kwenye kiti. Zena ameingia darasa la nne. Amerefuka, sare ya mwaka jana imebaki juu ya magoti, nimeiongezea pindo kwa kitambaa cha rangi nyingine na yeye hataki kuivaa. Barabara ya Karema imekatika mara mbili tangu Desemba. Biashara yangu ya dagaa inakwenda, siku nyingine nzuri, siku nyingine najaza tu kibanda.

Sasa nikwambie kilichonifanya nishike kalamu, maana siku hizi hupigi simu na ukipigiwa husemi.

Juma lililopita nilikuwa Ikola kufuata mzigo. Nikiwa pale mwaloni, mitumbwi inaposhusha dagaa, nafunga magunia, nyuma yangu gari likawashwa. Shemeji, sikugeuka. Nilibaki nimeshika kamba. Liliguguma mara mbili, likanyamaza kidogo, halafu likashika. Unajua ninachosema. Miaka minne nililala na kuamka na mlio ule uani kwetu.

Nilipogeuka niliona pikapu, Hailaksi, kichwa kimoja, nyeupe. Ya mume wangu Bashiru ilikuwa ya bluu, najua. Namba pia si zile. Lakini nilikwenda mpaka pale kama mtu anayevutwa. Dereva alikuwa ndani anasubiri injini ipate moto. Nikakupigia palepale, nikasogeza simu kwenye boneti ili usikie mwenyewe. Ulipokea. Ukasema, "Naam, naam, nimekusikia Mama Zena, tutaongea," ukakata. Mpaka leo hatujaongea.

Kadi ya gari Bashiru aliondoka nayo, kwa hiyo namba ya injini hatuna. Lakini injini ile uliifunga wewe kwa mikono yako, uani, Bashiru akikupa spana. Niambie nitaijuaje. Tangu Agosti 2018 tumemtafuta Kasansa, tumemtafuta Majimoto, kote alikosema anakwenda kununua mchele. Ikola hatujawahi kumtafuta, kwa sababu Ikola hakusema.

Mama sijamwambia. Usimwambie na wewe.

Wako,
Zuhra


Kahama
2 Februari 2024

Mama Zena,

Waaleikum salaam warahmatullah. Barua yako imenifikia, ilikaa ofisi ya basi mpaka kijana wa mizigo aliponiona sokoni. Mimi mzima. Kazi ni ileile, mtambo wa kusaga mawe unakwenda mchana na usiku, na mimi ndiye mganga wa jenereta lake. Mwambie mama nimepata dawa ya kuchua miguu, naituma na mzigo huu. Mwambie Zena darasa la nne si mchezo.

Kuhusu simu, yangu ni mbovu. Ukiwa na jambo refu andika kama hivi, utume kwa basi.

Sasa hilo gari. Kwanza nikutahadharishe, Hailaksi za aina hiyo ni nyingi kuliko mbuzi. Rangi haikwambii kitu. Namba za nje zinabadilika, milango inabadilika, hata kichwa kizima kinabadilika. Kinachobaki ni injini, nayo pia hubadilishwa, ya kwetu ni ushahidi.

Ukipata nafasi boneti ikiwa wazi, tazama kwanza kama ni ya petroli au dizeli. Ya petroli ina nyaya nene za plagi juu yake. Ya dizeli haina, ina vibomba vinne vyembamba vya chuma vinavyotoka kwenye pampu kwenda kwenye nozeli. Ukiona nyaya za plagi, funga safari urudi nyumbani, si yeye.

Kama ni dizeli, tafuta kibati kilichopigwa kwenye ukuta wa nyuma, ule unaotenganisha injini na dereva. Hapo kiwanda kimeandika gari lilizaliwa na injini gani. La Bashiru lilizaliwa na 2L. Lakini ile ilikufa, nikafunga 3L niliyoitoa kwenye Haisi iliyopata ajali. Kwa nje ni pacha, fundi asiye mwangalifu anazichanganya, akaagiza kifaa cha moja akafunge kwenye nyingine. Tofauti ipo kwenye bloki yenyewe. Ubavuni, chini, kuna herufi zilizotoka nje kama uvimbe, zimesubuliwa pamoja na chuma, si za kugonga. Zitakuwa zimezikwa na grisi. Futa. Kama bloki inasema 2L, hilo ni gari la mtu mwingine.

Usiende peke yako, na usimwambie mwenye gari unatafuta nini.

Salamu kwa mama,
Halfani


Shanwe
25 Februari 2024

Shemeji,

Asalaam aleikum. Dawa imefika na mama ameipenda, anasema inanuka kama karakana yako ya zamani. Zena alipata homa, ameshapona, alikosa shule juma zima na alifurahi kweli.

Nimekwenda. Barabara ilikuwa tope tupu, tulishuka kusukuma basi karibu na Karema, nikafika Ikola nimechafuka mpaka kilemba.

Mwenye pikapu anaitwa Elias. Ni mtu wa makamo, ananunua dagaa kwa wavuvi na kupeleka hadi Sumbawanga. Nilimkuta amefungua boneti anaongeza maji. Nikasimama. Akanitazama, akatazama viatu vyangu.

"Mama, umekuja kununua dagaa au gari?"

"Vyote viwili," nikamwambia. "Nataka kununua pikapu kama hii, lakini naogopa kuuziwa injini nisiyoijua."

Alicheka sana. Akasema wanawake wa Mpanda sasa mmekuwa watu wengine. Akanipa kitambaa chake na kopo la dizeli, akasema, "Haya, fundi, jifunze."

Nyaya za plagi hazipo. Vibomba ni vinne, nimevigusa kimoja kimoja. Kibati kipo, kina kutu upande mmoja, lakini 2L inasomeka. Halafu nikainama ubavuni. Grisi ilikuwa nene kama uji. Nilifuta mpaka mkono ukaniuma, nikapitisha kidole kabla ya kutazama, na kidole ndicho kilichonijibu kwanza. Ilikuwa tatu. Tatu, halafu L.

Nilimwomba Elias maji ya kunywa. Akaniletea, akaniuliza kama nina malaria.

Nilimuuliza alilipata wapi. Akasema alilinunua hapohapo Ikola kwa kijana anaitwa Laurence, likiwa halitembei, amelifufua mwenyewe na kulipaka rangi. Sikuuliza zaidi, nikamrudishia kitambaa chake.

Shemeji, sasa niambie. Ni yeye? Umeniandikia "si yeye" badala ya "si hilo", sijui kama uliona ulivyoandika. Mimi niliona.

Na mbona hukusema neno kuhusu mlio? Ulisikia kwenye simu au hukusikia?

Zuhra


Kahama
30 Machi 2024

Mama Zena,

Ramadhani karim. Samahani kwa kuchelewa, funga imenikuta na kazi nyingi, jenereta lilivunja shafti na mabosi hawajui mwezi mtukufu. Nimetuma gauni la Zena la Idi. Likimbana, mpelekeeni yule fundi wa pale sokoni aachie mshono, nimeacha kitambaa cha ziada ndani kwa makusudi. Mama nimemtumia kanga.

Nimesoma uliyoandika. Umefanya kazi ya fundi, sikuwa na shaka.

Lakini sikiliza. Kibati cha 2L na bloki ya 3L si ajabu. Watu wengi wamefanya kama nilivyofanya mimi. Injini ya 2L ilikuwa inachoka ikibeba mzigo kwenye milima, na za Haisi zilikuwa zinapatikana. Naweza kukuonyesha Hailaksi za namna hiyo hapa Kahama, na Tabora, na Sumbawanga. Kwa hiyo hujapata kitu ambacho watu wengine hawana.

Nakushauri uliache. Mama ni mzee. Zena ana masomo. Elias anaonekana mtu mwema, usimtie kwenye maneno. Yapo mambo ambayo mtu akiyaacha yalivyo, anaweza kuishi nayo.

Nakutakia mfungo mwema na Idi njema,
Halfani


Shanwe
16 Aprili 2024

Shemeji Halfani,

Asalaam aleikum. Idi imepita. Gauni la Zena halikumbana, lilimkaa vizuri. Kanga mama ameivaa.

Siku ya Idi mama alipakua pilau ya Bashiru kama anavyofanya kila mwaka. Akaifunika kwa kawa, akaiweka juu ya kabati. Jioni akampa Zena ale. Zena aliniuliza jikoni, "Mama, hivi baba anajua kama nakula chakula chake?" Nikamtuma chumvi.

Umeniandikia kurasa mbili kuhusu Ramadhani na mshono. Wewe ndiye uliyefunga ile injini. Siku mbili mlikuwa uani mmelala chini ya gari, mimi ndiye niliyewaletea chai. Hakuna fundi asiyeijua kazi ya mkono wake. Lazima kuna kitu unakijua na hutaki nikitafute.

Nimekuuliza mara mbili kuhusu ule mlio. Mara mbili umeruka.

Unasema mtu anaweza kuishi na mambo akiyaacha yalivyo. Mimi si mjane, si mke. Nikienda kwenye harusi wanawake hawajui wanikalishe wapi. Kuna sababu nyingine inayonifanya nitake kujua mwaka huu na siyo mwakani, lakini hiyo siiandiki.

Usiponijibu nitamwambia Elias ukweli wote, atanifungulia injini mpaka msumari wa mwisho.

Zuhra


Kahama
9 Mei 2024

Mama Zena,

Waaleikum salaam. Mwambie mama nimeota niko nyumbani, ananikaanga kwa maneno kwa sababu nimeingia na mafuta miguuni. Nilifurahi mpaka nikaamka.

Umenibana, na una haki.

Sisikii, Zuhra. Mwaka wa tatu sasa. Kwanza lilikwenda sikio la kulia, nikasema ni nta. Halafu la kushoto. Daktari wa hapa alinionyesha kwa kuandika kwenye karatasi kwamba ni makelele ya mtambo, na kwamba masikio hayarudi tena. Nikiweka mkono kwenye jenereta najua linavyokwenda, kwa hiyo kazini wengine hawajagundua. Simu ndiyo iliyonishinda. Ulipopiga siku ile niliona jina lako linawaka, nikapokea kwa sababu sikutaka lizimike bila kujibiwa. Nikasema naam, naam, kama kasuku. Sikujua umesogeza simu kwenye injini. Nimejua niliposoma barua yako ya kwanza. Nilikaa chini pale ofisi ya basi. Kama ni lile gari kweli, lililia sikioni mwangu na mimi sikulisikia.

Usimwambie mama. Akijua ataniita nirudi, na sijui nikirudi nitakuwa fundi wa nini.

La pili. Ndiyo, kipo kitu. Injini ile ilitoka kwenye Haisi, na sampo yake, lile bakuli la oili la chini, na miguu yake ya kukalia havikukubali kukaa kwenye Hailaksi. Nilihamisha sampo na miguu ya injini ya zamani. Mguu mmoja, wa upande wa abiria, ulikuwa umepasuka, na duka la karibu lilikuwa Tabora. Bashiru akaingia ndani akatoka na chuma cha ubavu wa kitanda chenu. Unakumbuka mlilala chini siku kadhaa? Alikwambia ni kunguni. Haikuwa kunguni. Tulikikata, nikakichomelea kuziba ule ufa. Nilitoboa tundu la bolti, likaenda pembeni, nikatoboa la pili. Kwa hiyo kile chuma kina matundu mawili, moja lina bolti na jingine ni tupu, na kwa ndani rangi ya kijani ya kitanda itakuwa bado ipo pale ambapo moto haukufika.

Hakuna gari jingine duniani lenye kitanda chenu ndani yake.

Sikukwambia kwa sababu niliogopa utakikuta. Bila kile chuma, gari ni la Elias na mdogo wangu yuko mahali anakula ugali wake, ametuchoka tu. Miaka sita nimemkasirikia. Ni rahisi kumkasirikia mtu aliye hai.

Sasa nenda. Ulale chini kabisa, upande wa abiria, utazame juu.

Halfani


Shanwe
3 Juni 2024

Shemeji yangu,

Asalaam aleikum. Mama anakusalimu, Zena anakusalimu. Barua hii soma ukiwa umekaa.

Chuma kipo. Matundu mawili, moja tupu. Nilikwangua kwa kucha upande wa ndani, ikatoka rangi ya kijani. Nilibaki nimelala pale chini, mafuta yananidondokea shingoni, mpaka Elias akainama kuniuliza kama nimekufa. Nikamwambia, "Hili ni gari la mume wangu." Hakubisha, shemeji. Alikaa kwenye mchanga pembeni ya tairi, akavua kofia. Akasema, "Twende kwa mama yake Laurence."

Mama huyo anaitwa Esteria. Nyumba yake iko juu kidogo ya mahali wanapoanika dagaa, ana uwanja mpana umefagiliwa. Elias alipomwambia mimi ni nani, alinishika mikono yote miwili, akaniuliza, "Ndiyo wewe wa Mpanda?"

Nikasema ndiyo mimi.

"Mbona umechelewa, mwanangu?"

Nitakuandikia kama alivyonieleza. Bashiru alikwenda Kasansa kweli, na mchele aliupata. Akiwa njiani kurudi alikutana na wafanyabiashara waliomwambia upande wa pili wa ziwa, Kongo, mchele wa Mpimbwe, huu wa Kasansa, unagombaniwa, na ukirudi na mawese umepata mara mbili. Hakupita nyumbani. Mtandao wa simu siku hizo huko ulikuwa wa kubahatisha. Akaja moja kwa moja mpaka Ikola, akaomba kuegesha pikapu uwanjani kwa Mama Esteria. Alimpa ufunguo amshikie, akamwambia, "Nikirudi keshokutwa nakwenda kulala kwangu Mpanda, nina mtoto wa kike akiniona analia kama nimemwibia kitu." Mchele mwingine ulibaki kwenye gari, mtumbwi ulikuwa umejaa.

Ule mtumbwi wa injini haukufika, shemeji. Upepo uliwakuta katikati. Maiti chache zililetwa na maji siku zilizofuata. Za watu wa pale zilitambuliwa. Mbili hazikuwa na wa kuzitambua, zikazikwa kwenye makaburi ya kijiji. Mama Esteria hakuziona, alikuwa mgonjwa. Jina la Bashiru lote hakulijua, alimwita tu Baba Zena kwa sababu ndivyo alivyojitambulisha. Alikuwa akiwauliza watu wa Mpanda wanaofika mwaloni kama wanamjua Baba Zena. Na mimi nilikuwa bado sijaanza biashara ya dagaa. Nilikuwa Kasansa, natembea nyumba kwa nyumba na picha yake.

"Gari nililifagilia chini yake kila asubuhi," aliniambia. "Sikutaka kuku walale humo. Mchele niliutunza mpaka ukaanza kuingia wadudu, ndipo tukaupika. Unisamehe. Nilipougua mara ya pili Laurence akaliuza, sikuweza kumzuia."

Nilimwambia afadhali waliupika.

Alinipeleka makaburini. Yale mawili yako pembeni, yamezungushiwa mawe. Nikamuuliza lipi. Akasema hakuna anayejua, na huenda si lolote kati ya hayo. Nilisimama katikati yake, nikasoma Yasini, nusu nimegeukia hili, nusu lile. Mama Esteria alisubiri kando akisali rozari yake. Kutoka pale ziwa linaonekana lote, na milima ya Kongo kwa mbali, myembamba, kama mtu akijitahidi angefika kwa miguu.

Sijui nimwambieje mama. Njoo. Hata kama husikii, njoo.

Zuhra


Kahama
15 Juni 2024

Zuhra,

Innalillahi wainna ilaihi rajiun.

Nimesoma mara nyingi mpaka karatasi imelegea. Sina salamu za kuandika, nisamehe.

Nakuja. Nimeomba ruhusa, nitaondoka wakishampata wa kunishikia jenereta. Mama usimwambie mpaka nifike, nataka nimwambie mimi, halafu yeye anilaumu mimi. Na masikio yangu atayajua siku hiyohiyo, yote yaishe kwa pamoja.

Miaka yote hii nilikuwa namtungia hotuba. Nilipanga siku akirudi nitamwambia nini, kuanzia mlangoni. Ilikuwa kali sana. Sasa sijui niipeleke wapi. Alikuwa anarudi, Zuhra. Keshokutwa alikuwa anarudi.

Ile sababu ambayo hukuiandika, sikuulizi. Nadhani naijua, na anayeulizia ni mtu mstaarabu, nayajua mema yake. Shehe atakueleza eda yako inaanza lini. Ikiisha, uko huru mbele ya Mungu na mbele yangu, na mtu wa ukoo wetu akikunyooshea kidole anitafute mimi. Zena ni damu yangu, popote utakapokwenda naye nitafika.

Halfani


Shanwe
27 Oktoba 2024

Shemeji Halfani,

Asalaam aleikum warahmatullah. Natumaini uko salama huko Kahama na umezoea kile kibarua kipya cha gereji ambacho hakina makelele. Huku mvua za kwanza zimenyesha usiku wa Ijumaa. Mama hajambo. Tangu ulipomwambia habari za masikio yako anapiga kelele akikutaja tu, utadhani uko chumba cha pili na anataka usikie. Zena anasoma barua zako kwa sauti, yeye ndiye msomaji wa nyumba siku hizi.

Eda imeisha. Nimetoka juzi, nimekwenda sokoni, jua lilikuwa kali usoni kama sijawahi kuliona.

Kuna jambo sijakueleza, lilitokea ulipoondoka tu baada ya khitma. Elias alikuja na Mama Esteria. Nilikuwa ndani, sikutoka, lakini dirisha lilikuwa wazi. Gari lilipofika kwenye kona mama alikuwa amelala. Aliamka, shemeji, akatoka bila fimbo yake. Bila viatu. Alikwenda mpaka kwenye pikapu, akafungua mlango wa upande wa dereva kabla Elias hajashuka, akamtazama. Elias wa watu alikuwa hajui aweke mikono wapi.

Halafu mama akasema, "Karibu, baba. Umetoka mbali."

Elias alikuja kurudisha gari. Alisema hawezi kulala akijua ni mali ya yatima, na kwamba yeye na Laurence wameshaelewana watafanyaje. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Akamwambia, "Mimi sikuzaa gari. Nenda nalo, lipate kazi. Ukipita Mpanda, upite kunisalimia, basi." Kisha akamshika mkono Mama Esteria, wakaingia ndani, wakakaa kwenye mkeka mpaka alasiri. Mama Esteria alimweleza yote tena. Alichokula Bashiru jioni ile, alivyocheka, alivyokunja mikono ya shati. Mama aliuliza shati gani. La mistari, akaambiwa. Mama akasema, "Ehe. Hilo nililipiga pasi mimi." Ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza tangu umwambie, na Mama Esteria akalia naye.

Idi kubwa ilikuwa imekwisha pita kabla hujaja, kwa hiyo sijui ile sahani ataiweka tena au la. Sitamuuliza.

Naseeb wa duka la nafaka ametuma mtu kuuliza, safari hii kupitia kwa mama mwenyewe. Mama akaniita, akasema, "Umeulizwa." Akaendelea kuchambua mchele. Nimemwomba Naseeb anipe muda na hakununa. Nadhani nitamkubali. Nimekuandikia wewe kabla ya kumjibu yeye, kwa sababu ungekuwa kaka yangu ningefanya hivyo, na wewe ndiye kaka niliyebaki naye.

Shemeji, watu wananiambia afadhali umejua, sasa umepumzika. Ni kweli, usiku nalala. Lakini kuna kitu kimeniondoka na sijui nimwambie nani isipokuwa wewe uliyemkasirikia miaka yote ile. Zamani, nikiwa nafua au nachambua dagaa uani, kila gari lililopunguza mwendo pale kwenye kona lilikuwa ni yeye. Kila moja. Nilikuwa nainua kichwa mpaka lipite. Kwa siku hata mara kumi alikuwa anakaribia kufika.

Sasa ni magari tu.

Wako,
Zuhra